Nani Atamlaza Baba Saa Tatu?

Mwanangu Sikudhani,

Salamu nakupa kwa mdomo kila asubuhi, na ya leo uliipokea umenuna, kwa hiyo humu naziruka niingie moja kwa moja kwenye ugomvi wetu.

Najua barua za namna hii watu huziandika usiku wa kuamkia safari, nyumba imelala, mzazi kainama mezani anafuta machozi. Mimi usiku siruhusiwi. Sheria umeiweka wewe mwenyewe: saa mbili na nusu nanawa miguu, saa tatu taa inazimwa, na baada ya hapo hata nikikumbuka ni nani aliyeazima mkasi wangu mwaka juzi, nakumbuka kimyakimya. Basi nakuandikia sasa, watu ndiyo kwanza wanatoka kuswali alasiri. Nimekaa barazani kwenye cherehani, na karatasi nimeiweka juu ya suruali ya kaki ya mtu. Wewe uko Kinondoni, umekwenda kumuaga shangazi yako. Au, kama ulivyotishia, umekwenda kumwambia kwamba huendi popote.

Ulisema hivyo Jumapili tulipokuwa tunakula. "Mie siendi, Baba. Nikienda chuoni Tabora, nani atakulaza?" Sikukujibu kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa muhogo, na ulipokwisha muhogo nikaona sina jibu. Leo ninalo. Treni inaondoka kesho mchana, na nataka uwe ndani yake. Barua yote hii ni kwa ajili ya hilo tu, ila nitazunguka kidogo, maana baba yako hajawahi kwenda mahali kwa njia ya mkato.

Sitakuandikia juu ya kuchemsha maji ya kunywa, wala kutopokea chakula cha watu usiowajua njiani. Bi. Mwantumu wa chumba cha mbele ameshakueleza hayo mara mbili, na mara ya pili alikuwa anaueleza mtaa mzima. Mimi nitakuandikia makosa yangu. Hayo hakuna jirani anayeyajua vizuri kuliko mimi, ingawa wengi wamejaribu.

Ulikuwa na miaka saba mwaka ule wa kanzu. Hadithi yake umeisikia jinsi watu wa Temeke wanavyoisimulia, yaani imetiwa chumvi mpaka hailiki. Mimi nakupa yenyewe, na utaona haikuhitaji chumvi.

Ramadhani kwa fundi cherehani si mwezi kama mingine. Watu wanakaa na vitambaa vyao tangu Rajabu wanavitazama tu, kisha likiingia kumi la mwisho wanakuja wote kwa pamoja, na kila mmoja anasema, "Fundi, yangu ndogo tu." Mchana umefunga. Jioni unafuturu, unakwenda tarawehe, unarudi unawasha kandili, unashona mpaka daku, unakula daku, na hapo unaona hakuna tena maana ya kulala. Mafundi wote wa pwani wanafanya hivyo. Idi ikipita wanalala siku mbili, wanaamka wazima. Nami nilidhani ni fundi kama hao.

Usiku wa kwanza nilichoka. Wa pili nilichoka. Wa tatu sikuchoka, na hapo ndipo nilipopaswa kuogopa, lakini ni nani anayeogopa kutochoka? Nilishangilia. Vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe, nyimbo zilikuwa zinakuja zenyewe, na kila aliyepita njiani nilimwona ni rafiki yangu wa siku nyingi. Kufikia usiku wa sita nilikuwa nimeiacha futi. Niliona ni aibu kumpima binadamu kwa utepe wenye namba. Nikamwambia mama yako, "Mke wangu, mtu hapimwi kiunoni. Mtu anapimwa moyo."

Mama yako alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua hata kichwa. "Na kanzu anaivaa wapi?"

Sikumsikiliza. Nilikata kanzu za Idi za nusu ya mtaa kwa kipimo cha moyo. Aliyekuwa mkarimu nilimpa kitambaa cha kutosha. Aliyekuwa bahili nilimbania kama anavyowabania wenzake, na kipande kilichobaki kwake nikakiunga kwenye kanzu ya mkarimu. Niliona nimeleta haki duniani. Na lililo baya ni kwamba mishono ilikuwa mizuri ajabu. Sijawahi kushona vile kabla wala baada.

Mwenye nyumba yetu wakati ule alikuwa Mzee Kondo, mkono wa birika hasa, aliyekuwa anakifunga kisima kwa kufuli na kulala na ufunguo. Na maji mtaani kwetu alikuwa anachota Sefu, yule yule Sefu wako, aliyemjazia kila bibi kizee mtungi kabla hajaomba. Nadhani umeshaanza kuona nani alipata nini.

Desturi yetu unaijua. Nguo ya Idi haijaribiwi. Inachukuliwa usiku mwezi ukiandama, imekunjwa, inawekwa pembeni, inavaliwa asubuhi mtu ameshaoga, ananukia udi, na hana tena muda wa kulalamika. Kwa hiyo Temeke yote ilijua kilichotokea kwa wakati mmoja, njiani, ikielekea kuswali.

Mzee Kondo alitokea na kanzu iliyoishia chini kidogo ya magoti. Magoti nilikuwa nimeyafunika, usije ukanifikiria vibaya. Sikutaka swala yake ibatilike kwa ajili yangu. Mikono iliishia kwenye viwiko. Nyuma yake akaja Sefu, kanzu inafagia njia, mabega yameteremka mpaka katikati ya mikono, watoto wawili wamemshikia pindo lisiingie matopeni. Watu wasiomjua wakampisha safu ya mbele wakidhani ni jamaa wa Liwali. Na katikati ya hao wawili, kila mwanaume alikuwa anamtazama jirani yake na kujitazama, maana nilikuwa nimeshaitangaza kanuni ya ushonaji wangu hadharani, tena kwa sauti. Watu wazima walisimama kwenye safu wanavuta mikono ya kanzu ifike kwenye vifundo. Nasikia kuna mtu wa Keko aliyeona kanzu ya mkwewe ni pana kuliko yake, na hawakusalimiana mpaka Mfungo Tatu.

Baada ya swala wakaja kwangu. Mzee Kondo alikuwa mbele. "Fundi, hii nini?"

Nami nilikuwa na furaha ya kuwaona wote! Nikasimama, nikamshika mkono kwa heshima. "Shikamoo, mzee wangu. Hiyo ndiyo wewe."

Tulihama nyumba ile kabla mwezi haujaisha.

Wewe nilikushonea gauni lenye mifuko kumi na moja. Ulilipenda. Uliijaza yote visheti na kaimati, ukashindwa kutembea, ukakaa kizingitini siku nzima unajihudumia. Unaona, kuna watu niliowafurahisha.

Sasa hapa watu huwa wanamaliza hadithi, na mimi hucheka nao. Lakini kuna kipande ambacho siwasimulii. Asubuhi ile, fujo ilipotulia, mama yako alitoka chumbani ameshika kitambaa chake cha maua, kimekunjwa vile vile alivyonipa mwezi wa Shaabani. Nilikuwa nimeushonea mtaa mzima, nikamsahau yeye. Alijifunga kanga zake za mwaka uliopita, akaenda kuwapakulia wageni pilau, na wageni wenyewe walikuja kunitukana. Naona aibu mpaka leo, tena aibu mbichi, kama jambo la jana.

Kwa muda mrefu nilidhani kosa langu mwaka ule lilikuwa kanzu. Sivyo. Kosa langu lilikuwa usiku wa tatu, nilipoona sichoki na nisimwambie mtu. Nilijua ndani kwangu kwamba kuna kitu si cha kawaida, lakini kilikuwa kitamu, nikakificha kama mtoto aliyeficha sukari guru shavuni. Nakwambia ukweli ambao sijamwambia hata dresa wa zahanati: nilipenda kule kupanda juu. Ukiwa juu unaona wewe ndiye uliyeamka na wengine wote wamesinzia. Unawahurumia. Hujui kwamba wao ndio wanaokuhurumia.

Kisha nikashuka. Mtaa wetu hauna nyumba hata moja ya ghorofa, lakini mama yako alikuwa anaulizwa kila asubuhi kisimani, "Vipi Baba Sikudhani, yuko juu au chini?" Naye anajibu, "Chini," anajitwisha ndoo yake anaondoka. Miezi mitatu niliutazama ukuta. Haikuwa huzuni ya kufiwa, ile unajua umelilia nini. Hii haikuwa na jina. Kuinua sindano ilikuwa kazi kama kuinua kinu. Ndugu zangu walinipeleka kwa mganga, mganga akapiga ngoma akamwita pepo aseme anataka nini, na pepo hakusema chochote. Nadhani alikuwa amechoka kuliko mimi. Dresa alinitazama ulimi akanipa dawa ya minyoo. Minyoo ilitoka, lakini mimi nilibaki pale pale.

Aliyenitoa ni mama yako, kwa shati moja. Kila asubuhi baada ya alfajiri alikuwa ananiketisha, ananipa uji, ananiwekea mapajani shati lenye kifungo kilichokatika. "Shona hiki kimoja tu. Ukimaliza, ukitaka kulala, lala." Siku za mwanzo kifungo kimoja kilinimaliza asubuhi nzima. Baadaye nusu ya asubuhi. Baadaye nikawa nakishona, nabaki nimekaa tu pale barazani natazama watu wanapita, maana nilikuwa nimeshaamka, na kurudi kitandani nako ni safari. Wiki zikaenda. Siku moja nikauliza, "Huyu mwenye shati ana matatizo gani? Kila siku anagombana na watu?" Mama yako akacheka hadi akakaa chini. Nikaligeuza shati, nikalitazama. Lilikuwa langu. Kila jioni alikuwa anakikata kile kifungo kwa meno, asubuhi ananiletea.

Hapo ndipo tulipojifunza lile ambalo wewe umelikuta tayari kama sheria. Mama yako hakujua kusoma, lakini alinisoma mimi. Aliona kwamba siku nilizoamka kwa adhana ya alfajiri, nikala wakati ule ule, nikatembea alasiri mpaka darajani Mtoni na kurudi, nikalala baada ya isha, siku hizo nilikuwa mtu. Siku nilizolala mchana au nilizokesha, nilikuwa mzigo au nilikuwa tamasha. Akayapanga maisha yangu kwa adhana, kwa kuwa saa hatukuwa nayo. Sikutibiwa, usiende kumwambia mtu huko kwamba baba yako alipona. Nimepanda tena na nimeshuka tena tangu hapo, wewe unajua. Lakini ngazi zimekuwa fupi, na nikianguka siumii sana.

Kilichonishinda muda mrefu ni Ramadhani. Sheikh wetu alishaniambia wazi, "Fundi, wewe ni mgonjwa. Mgonjwa halazimishwi. Toa fidia, lisha maskini kila siku." Nikaona haya. Mwanaume mzima, mabega haya, nikale mchana nyuma ya pazia? Nikafunga mwaka mmoja kwa kiburi, nikapanda, nikataka kuushonea msikiti pazia la mlango litakalofika mpaka barabarani. Baada ya hapo nilikubali. Nakula adhuhuri nyuma ya pazia, natafuna polepole kama mwizi, na Bi. Mwantumu akipita anakohoa makusudi anijulishe kwamba amesikia. Fidia anakula Sefu. Kila magharibi ya Ramadhani anakuja kufuturu kwetu, na kila siku anaikosoa tambi. Hili la kuona haya nakuandikia kwa sababu limenigharimu kuliko ugonjwa wenyewe. Kujua la kufanya nilijua mapema. Kukubali watu wanione nalifanya, hiyo ndiyo iliyonichukua miaka.

Mama yako alipofariki ulikuwa na miaka kumi na minne. Arobaini yake ilipopita, jioni ile ile, ulikuja ukasimama mlangoni na ile saa ya mezani uliyopewa zawadi shuleni, ukasema, "Baba, saa tatu." Nilidhani ni mchezo. Nikakwambia namalizia pindo moja. Ukazima taa nikiwa na sindano mkononi.

Tangu siku ile nimekaa chini ya askari. Hakuna kahawa baada ya alasiri. Hakuna kushona kwa taa. Nikisema "nimepata wazo" mara tatu kabla ya chakula cha mchana, mkasi unachukuliwa. Mara ngapi wateja wamekuja wakanikuta nimekaa mikono mitupu, nawaambia mkasi umekwenda kunolewa! Na mwaka ule wa kwanza nilipokuwa nakudanganya, nimelala nimefumba macho huku nakata mashati kichwani, ulikuja gizani ukasikiliza kidogo, ukasema, "Baba, hukoromi." Nikajaribu kukoroma. Ukasema, "Siyo hivyo." Mwanangu, hata mama yako hakuwahi kunikamata kwa kukoroma.

Uliniuliza siku moja tukitoka Mtoni, unatazama chini, "Na mie nitakuja kuwa hivyo?" Nikakujibu haraka, "Wewe? Wapi!" Nilikudanganya, kwa sababu swali liliniuma. Ukweli ni kwamba sijui. Babu yako mzaa baba alikuwa na misimu yake. Kuna mwaka alilima shamba la watu watatu kwa mwezi mmoja, kisha hakulivuna. Inaweza kukupita, inaweza isikupite. Ninachoweza kukuachia ni hiki: usiku wa tatu, ukiona huchoki, mwambie mtu. Usingoje mpaka uwe na uhakika, maana aliye juu ana uhakika wa kila kitu. Na nimesikia kwamba huko chuoni mnaamka kwa kengele, mnakula kwa kengele, mnalala kwa kengele. Wenzako watalia wiki nzima. Wewe utaona umefika nyumbani. Kwa ukoo wetu mahali hapo ni pazuri kupita maelezo.

Sasa jibu la swali lako. Nani atanilaza?

Jumatatu, ulipokwenda sokoni, nilibisha kwa Bi. Mwantumu. Nimekaa naye nyumba moja miaka mingi na nilikuwa sijawahi kumwambia mwenyewe kwa mdomo wangu nini kinanisumbua. Nilikuwa namwachia aambiwe na wengine. Nilimweleza yote. Usiku wa tatu, kahawa, mkasi, "nimepata wazo". Nilitokwa jasho kuliko siku niliyoposa. Alinisikiliza huku anakuna nazi, kisha akasema, "Basi ndiyo hilo tu? Mie nimezaa saba, fundi. Wewe wa nane hunishindi." Nikamwambia ni lazima awe mkali. Akaniuliza kama namtania.

Ameanza tangu jana kwa majaribio. Hujui, kwa sababu hunisemeshi. Jana nilitaka kumweleza wazo dogo tu la kofia yenye kivuli cha nyuma, hata sentensi haijaisha, mkono ukapita dirishani ukachukua mkasi. Hakuna mwenye kuvumilia kama wewe ulivyonivumilia, lakini kuna mwenye sauti kubwa kuliko yako, na kazi hii inahitaji sauti. Sefu naye amejipa zamu ya kutembea nami mpaka Mtoni kila alasiri. Anatembea polepole na anaongea juu ya magoti yake njia nzima. Hakuna mtu aliyewahi kupanda juu akiwa karibu na Sefu.

Hapo ningeweza kumalizia. Nimekupa jibu, sanduku lako nimeshalifunga mwenyewe, kanga nimezikunja vizuri. Lakini Jumapili ulisema neno jingine nilipokuwa natafuna, na hilo ndilo lililonikalisha hapa. Ulisema, "Mwaka jana hawakunitaka, nikazoea. Mwaka huu mie ndiye siwataki."

Sikudhani, mwaka jana walikutaka.

Mwalimu wako mkuu alikuja hapa barazani asubuhi na barua ya chuo, akanipa mimi kwa kuwa ni mzazi, niweke sahihi. Nilimkaribisha kiti, nilimpa maji. Niliisoma mara mbili. Nikamwambia, "Mwalimu, binti mwenyewe hataki. Ameamua kukaa na babaye." Akasikitika, akaondoka. Barua nikaisukuma chini kabisa ya kisanduku cha nyuzi. Ulipotoka shule ukaniuliza, nikakujibu, "Hawakukuita." Ulikwenda ukalia nyuma ya jiko ili nisikuone. Nilikuona. Kisha ulinawa uso, ukaja kuniuliza kama nimekula. Mwaka huu mwalimu hakuja kwangu tena, barua amekupa wewe mkononi, na sijui kama alinishuku au ni bahati yako tu.

Najua utakachofanya sasa, kwa sababu nimekulea. Utasema, "Maskini Baba, hakuwa sawa siku hiyo." Mwanangu, siku hiyo nilikuwa sawa. Usiku wa kuamkia siku hiyo nililala tangu isha mpaka alfajiri na nilikoroma, wewe mwenyewe uliniambia. Nilikunywa uji, nilishona mashati mawili kwa futi, sikuwa na wazo hata moja. Sikuwa juu, sikuwa chini. Nilikuwa mimi, Mfaume, mtu mzima mwenye akili zake, na niliogopa kubaki peke yangu, nikauchukua mwaka wako.

Katika maradhi haya watu wa nyumbani wanajifunza kusamehe kila kitu, na mgonjwa, akiona hivyo, anajifunza kujificha humo. Kanzu za Idi, zisamehe. Miezi mitatu ya ukutani, isamehe. Hili usilitie kwenye kapu hilo. Hili ni langu, na nakuomba radhi kwa hili kama mtu anavyoombwa radhi na mtu mwingine.

Barua yao ya mwaka jana nimeikunja pamoja na hii. Ina doa la mafuta ya cherehani pembeni, lakini jina lako linasomeka vizuri. Zote mbili nitaziweka juu ya sanduku lako. Utakapofika hapa mwisho wa barua nitakuwa nimeshalala, na kwa sheria yako mwenyewe huruhusiwi kuniamsha. Alfajiri nitakuwa mlangoni na sanduku begani. Usiponisemesha mpaka stesheni nitaelewa. Ukinisemesha vibaya nitaelewa zaidi.

Najua umekasirika, nawe una haki. Ila usikae hapa nyumbani mpaka hasira ipoe, maana ikipoa utaanza kunihurumia, na ukinihurumia utabaki. Ondoka nayo ikiwa moto.

Baba yako,
Mfaume